Jina Hubaki, Farasi Hufutika: Vijiji vya Uingereza na Michoro ya Vilimani

Ukimwambia jamaa yako aliyeko Uingereza kwamba unataka kwenda kuitembelea Wilmington, swali la kwanza atakalokuuliza ni: Wilmington ipi? Kuna moja katika kaunti ya East Sussex, kusini, si mbali na bahari. Kuna nyingine Kent, jirani na mji wa Dartford, nje kidogo ya London. Kuna ya tatu Devon, upande wa magharibi, karibu na Honiton. Zote tatu zinaandikwa vile vile, herufi kwa herufi, na hakuna iliyo jirani na mwenzake. Lakini ni moja tu, ile ya East Sussex, yenye mtu aliyechorwa ubavuni mwa kilima, urefu wake karibu mita 70, amesimama na fimbo mbili, moja kila mkono.

Nimekuwa nikizifuatilia habari za vijiji hivi na michoro yao kwa muda sasa. Kila ninavyosoma ndivyo ninavyoona kuwa watu huchanganya mambo mawili: jina la mahali, na alama iliyoko mahali hapo. Wengi hudhani viwili hivi ni pacha, vilizaliwa siku moja na vitakufa siku moja. Sivyo. Kila kimoja kina umri wake, kina asili yake, na muhimu zaidi, kina namna yake ya kubaki. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo, kwa sababu lina faida kwa yeyote anayejali turathi, awe wa huko au wa huku.

Kwa nini majina yanajirudia

Tuanze na majina. Kuanzia karne ya 5 hivi, watu wa kabila za Kisaksoni na Kiangli walivuka bahari kutoka bara la Ulaya wakaingia Uingereza na kuweka makazi. Utaratibu wao wa kutaja mahali ulikuwa mwepesi: walichukua jina la mwenye shamba au la mkubwa wa ukoo, wakaliunganisha na neno "tun", maana yake shamba, boma au kitongoji. Hilo "tun" ndilo "ton" unayoiona mwisho wa majina mengi ya Kiingereza hadi leo.

Wilmington, basi, ni shamba la watu wa Wilhelm au Wighelm. Na kwa kuwa wanaume wenye majina hayo walikuwa wengi, kila mmoja akaacha Wilmington yake. Hawakuwa ndugu, na pengine hata hawakujuana.

Uffington ni vivyo hivyo. Asili yake ni mtu aliyeitwa Uffa, au jina linalokaribiana na hilo. Kuna Uffington ya Oxfordshire, kuna Uffington ya Lincolnshire karibu na mji wa Stamford, na kuna Uffington ya Shropshire karibu na Shrewsbury. Ile ya Oxfordshire ndiyo yenye farasi mweupe maarufu, na ina mtego wake mwingine: hadi 1974 kijiji hicho kilihesabiwa kuwa cha Berkshire. Mipaka ya kaunti ikabadilishwa, kijiji kikajikuta Oxfordshire bila kuhama hata hatua moja. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha zamani kinachomtaja farasi wa Berkshire na kipya kinachomtaja farasi wa Oxfordshire, usidhani ni farasi wawili.

Westbury nayo maana yake ni ngome ya magharibi. Kila penye ngome upande wa magharibi paliweza kuitwa hivyo, na ndiyo sababu kuna Westbury ya Wiltshire, ya Shropshire, ya Buckinghamshire, na Westbury-on-Severn katika Gloucestershire. Yenye farasi mweupe ubavuni mwa kilima ni ya Wiltshire.

Majina haya yalisafiri hata ng'ambo ya Atlantiki. Wilmington ya Delaware na Wilmington ya North Carolina, zote mbili za Marekani, zilipewa jina kwa heshima ya Spencer Compton, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Wilmington na akawa waziri mkuu wa Uingereza 1742 hadi 1743. Cheo hicho kilitokana na kijiji cha Sussex. Basi jina la mkulima mmoja wa Kisaksoni limekuwa jina la miji mikubwa ya Marekani, na yeye mwenyewe hakuna amjuaye alikuwa nani.

Michoro yenyewe

Sehemu kubwa ya kusini mwa Uingereza ina vilima vya chaki. Ni jiwe jeupe, laini, lililotokana na magamba ya viumbe vidogo sana vya baharini vilivyokufa na kurundikana chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Juu ya chaki hiyo kuna udongo mwembamba tu na nyasi fupi. Ukiubandua udongo huo, weupe unachomoza, na kwa kuwa kilima kimeinama kama ukuta, mchoro unaonekana kutoka mbali sana.

Lakini kubandua nyasi peke yake hakutoshi. Farasi wa Uffington, mwenye urefu wa kama mita 110 kutoka kichwa hadi mkia, hakuchorwa kwa kukwanguliwa juu juu. Waliomtengeneza walichimba mitaro katika umbo lake, kisha wakaijaza chaki iliyopondwa na kushindiliwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ni kazi ya watu wengi waliokubaliana, wala si mchezo wa wachungaji wa alasiri moja.

Kipi kilitangulia, jina au mchoro?

Hapa ndipo mambo yanapopendeza, kwa sababu kwa muda mrefu watu walikisia umri wa michoro hii, na karibu kila kisio lilikwenda kombo.

Farasi wa Uffington alisemwa kuwa kazi ya Mfalme Alfred, eti alimchonga kusherehekea ushindi wake dhidi ya Wadenmaki 871. Katika karne ya 18 kuna wasomi walioandika hivyo kwa uhakika. Mwaka 1990 wanaakiolojia wa Oxford walichimba penye farasi huyo, wakachukua udongo wa ndani ya mitaro na kuupima kwa njia inayoonyesha ni lini chembe za mchanga zilipata mwanga wa jua kwa mara ya mwisho kabla ya kufukiwa. Jibu lilikuwa kati ya 1380 na 550 kabla ya Kristo. Farasi huyo, kwa hiyo, ana umri wa karibu miaka 3,000. Wakati Uffa na watu wake walipofika, walimkuta farasi kilimani amekwisha kutimiza miaka elfu moja na zaidi. Mchoro ndio mzee, jina ni kijukuu.

Nenda sasa Wilmington ya Sussex. Yule mtu wa fimbo mbili, ambaye Waingereza humwita Mtu Mrefu, alidhaniwa na wengi kuwa wa kale kabisa. Wengine walimwita shujaa wa Kirumi, wengine mungu wa Kisaksoni. Mwaka 2003 profesa Martin Bell wa Chuo Kikuu cha Reading alichimba chini ya kilima, mahali ambapo mvua huteremsha vipande vya chaki kutoka juu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: siku mchoro ulipokatwa, vipande vingi vilibingirika, na ukijua vipande hivyo vilifika chini lini utajua mchoro ulikatwa lini. Akapata kuwa ni karne ya 16 au 17. Jina la Wilmington, kwa upande wake, limo katika Domesday, daftari la ardhi na mali lililoandikwa kwa amri ya mfalme 1086. Huku jina ndilo mzee, mchoro ndio mtoto.

Na kuna Jitu la Cerne Abbas, katika kaunti ya Dorset. Ni mtu mwenye rungu, urefu wake mita 55, amechorwa uchi bila kuficha kitu, na nitaishia hapo. Kijiji chake kina wenzake wanaoshiriki jina: kuna Up Cerne, kuna Nether Cerne, na hata Charminster, maana yake kanisa la mto Cerne. Wote wamelichota jina hilo kutoka mto mmoja, na jina la mto ni la Kikeltiki, la kabla ya Wasaksoni. "Abbas" ni abasia ya watawa iliyoanzishwa hapo 987.

Kuhusu Jitu hili kulikuwa na kambi mbili. Moja ilisema ni Hercules wa enzi ya Warumi au hata kabla yao. Nyingine ilisema ni la karne ya 17, lilichorwa kumkejeli Oliver Cromwell, kwa kuwa maandishi ya zamani kabisa yanayolitaja ni ya 1694, pale daftari la kanisa la kijiji lilipoandika shilingi tatu za kulitengeneza. Kisha wanaakiolojia wa National Trust wakachimba. Kwanza waliona makoa ya aina ambayo haikuwako Uingereza kabla ya zama za kati, jambo lililotia shaka kambi ya kwanza. Kisha 2021 vipimo vya udongo vikatoka: Jitu ni la kati ya 700 na 1100. Kambi zote mbili zikashindwa, na hakukuwa na aliyelitarajia jibu hilo. Miaka mitatu baadaye wasomi wawili, Helen Gittos na Thomas Morcom, walitoa maoni kwamba kweli lilichorwa kwa sura ya Hercules, lakini na Wasaksoni, kuwa alama ya mahali pa kukusanyikia majeshi.

Basi tazama: mahali patatu, hali tatu. Uffington mchoro ulitangulia, Wilmington jina lilitangulia, na Cerne jina la mto ni la kale, abasia na Jitu ni vya zama zinazokaribiana. Anayekuambia umri wa kitu kwa kusikiliza jina lake tu, au kwa kulitazama umbo lake tu, anakisia.

Nyasi hazilali

Kuna jambo moja linalonishika mimi kuliko hayo yote ya umri. Jina, likishaingia vinywani mwa watu na katika madaftari, hujiendea lenyewe. Halihitaji mtu wa kulilinda usiku. Mchoro wa kilimani ni kinyume chake. Nyasi huota pembeni na kuingia ndani, mvua huteremsha udongo, sungura huchimba, kondoo hukanyaga. Ukiuacha miaka kumi, ukingo wake hufifia. Ukiuacha kwa muda wa kizazi kimoja au viwili, hutaujua ulikuwa wapi.

Fikiria basi maana ya farasi wa Uffington kuwako leo. Ni kwamba katika miaka 3,000 hakikupita kizazi kilichomwacha kabisa. Watu walibadilisha lugha, wakabadilisha dini, wakabadilisha wafalme. Warumi walikuja wakaondoka, Wasaksoni wakaja, Wanormani wakaja. Bila shaka waliomkwangua farasi katika karne ya 10 hawakuwa na habari waliomchimba walikuwa na makusudi gani. Walikwangua tu, kwa sababu waliowatangulia walikuwa wakikwangua.

Katika karne za 18 na 19 kazi hiyo ilikuwa sherehe. Watu wa vijiji vya jirani walipanda kilima, wakasafisha farasi, kisha ikawa mieleka, mbio za farasi, na kushindana kufukuza jibini lililobingirishwa bondeni. Thomas Hughes, mwandishi aliyezaliwa Uffington 1822, aliandika kitabu kizima kilichotoka 1859 juu ya sherehe ya namna hiyo. Siku hizi ni National Trust inayosimamia, na kila mwaka watu wa kujitolea hupanda na nyundo na ndoo za chaki, wakapiga magoti, wakaipigilia chaki mpya inchi kwa inchi. Jitu la Cerne nalo hutiwa chaki baada ya miaka kadhaa. 2019 zilitumika tani 17.

Farasi Mwekundu wa Tysoe

Ili ujue kuwa haya si maneno matupu, nenda Warwickshire, kwenye vijiji vitatu vya jina moja: Upper Tysoe, Middle Tysoe na Lower Tysoe, yaani ya juu, ya kati na ya chini. Asili ya jina ni Tiw, mungu wa Wasaksoni kabla hawajaingia Ukristo, yule yule ambaye siku ya Jumanne kwa Kiingereza imebeba jina lake. Maana yake ni kilima cha Tiw.

Huko ardhi ni ya udongo mwekundu, si ya chaki. Kwenye mteremko wa Edgehill palikuwa na farasi mkubwa mwekundu, na bonde lote likaitwa Bonde la Farasi Mwekundu. Mwanahistoria William Dugdale alimwandika katika kitabu chake cha 1656 juu ya Warwickshire, na akaeleza jambo la maana sana: kila mwaka farasi husafishwa na mtu mmoja mwenye ardhi hapo, ambaye amepewa vipande fulani vya ardhi kwa sharti la kuifanya kazi hiyo. Wenyeji walisimulia kuwa farasi huyo ni kumbukumbu ya Earl wa Warwick, aliyemuua farasi wake mwenyewe katika vita vya Towton 1461 ili kuwaonyesha askari wake kuwa hatakimbia.

Angalia mpango huo. Unaonekana mzuri: kuna ardhi, kuna sharti, kuna mwenye kazi. Lakini kazi iliwekwa mabegani mwa mtu mmoja, na ilifungwa kwenye karatasi ya umiliki. Mwishoni mwa karne ya 18 ardhi ya Tysoe iligawanywa upya na kuzungushiwa nyua, kama ilivyofanywa kote Uingereza wakati huo. Umiliki ulipobadilika, sharti likafa nao. Farasi mkubwa akalimwa, akawa shamba. Mwingine mdogo aliyekatwa baadaye karibu na nyumba ya wageni naye hakudumu. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 alikuwa akitoweka. Watafiti wa karne hiyo walitafuta alama zake kwa picha za ndege, wakatafuta katika rangi ya majani na miti.

Farasi hayuko. Lakini Bonde la Farasi Mwekundu bado linaitwa hivyo. Na Tiw, mungu ambaye hakuna anayemwabudu, bado ana vijiji vitatu kwa jina lake. Jina hubaki hata kwa wasiojua maana yake. Farasi hakubaki.

Njia nyingine, na gharama yake

Kuna waliojaribu kuikwepa kazi. Mtu Mrefu wa Wilmington alipokuwa akififia, 1874 alizungushiwa matofali kufuata umbo lake, na 1969 matofali yakaondolewa yakawekwa matofali ya zege yaliyopakwa rangi nyeupe. Farasi wa Westbury, ambaye umbo lake la sasa ni la 1778, alifunikwa kwa zege katika miaka ya 1950. Kazi ikapungua, lakini si bure. Mchoro wa karatasi wa zamani kabisa tulio nao wa Mtu Mrefu ni wa John Rowley, 1710, na haufanani kwa kila kitu na mtu anayeonekana leo. Zege likishaganda, makosa ya aliyelimwaga nayo huganda. Na hata hilo zege huchakaa, rangi hufifia, lazima mtu apande tena na brashi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yalitokea ya ajabu: serikali iliogopa marubani wa Kijerumani wasiitumie michoro hii kujua wako wapi. Farasi wa Uffington akafunikwa kwa majani na matawi. Mtu Mrefu akapakwa rangi ya kijani. Vita vilipokwisha, watu walipanda vilimani wakaifunua. Hawakusema bora ikae hivyo hivyo. Kwangu mimi hiyo ni dalili kubwa kuliko kibao chochote cha serikali: kitu kikiwa cha watu, hata ukikifunika watarudi kukifunua.

Ninavyoona mimi, tofauti ya Uffington na Tysoe haikuwa mapenzi. Watu wa Tysoe walimpenda farasi wao wakamtungia na hadithi. Tofauti ilikuwa mikono. Huko Uffington kazi ilikuwa ya kila mtu, na ilichanganywa na furaha, kwa hiyo mmoja akifa au akihama wengine walibaki. Huko Tysoe kazi ilikuwa ya mmoja, na mmoja akiondoka huondoka na kila kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakutuambia nani azibe. Ukimwachia jirani, naye akamwachia wake, ufa huota mzizi.

Kwa hiyo siku utakaposikia mtu akijivunia kuwa mji wake una jina la kale, mpongeze, kisha muulize la pili: na vile vinavyoonekana kwa macho, nani anavipalilia mwaka huu, na ni wangapi?